Mama kaambiwa ana CJD, ugonjwa wa ubongo, ukoo mzima wanasema ni baga za Uingereza

Shkamoo Shangazi,

Sijui nianzie wapi. Mama yangu ana miaka 71, kwao Unguja, alikuja huku London 1987 kumfata marehemu baba na mimi nikiwa mgongoni. Miaka mingi kafanya kazi jikoni kwenye kantini ya shule. Ni mtu alokua haumwi, hata mafua humpata kwa nadra.

Kabla ya Ramadhani akaanza kusahau vitu, mara kasahau jiko limewaka, mara kapotea njia ya dukani anayopita kila siku, tukasema uzee huo. Baadae akawa anasema haoni vizuri, ngazi anaziona zimepinda, tukampeleka kwa mtu wa miwani akasema macho hayana tatizo. Halafu akaanza kuyumba kama mlevi, mama yangu ambaye hajawahi hata kuonja, na mkono wa kushoto unashtuka wenyewe. Hospitali wamempiga skani ya kichwa, wamembandika waya kichwani, wamemtoa maji ya uti wa mgongo, wiki ilopita tukaitwa chumbani tukakalishwa, daktari akasema ni CJD ya sporadiki, dawa hakuna, tuhesabu miezi.

Mpwa wangu akaigugo hiyo CJD, ikatoka picha ya ng'ombe anayumba, ule ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, akairusha kwenye grupu la familia. Basi Shangazi tangu siku hiyo hatuna amani. Mamkubwa Unguja anasema ndo malipo ya kulishwa vyakula vya makafiri kule kantini, nyama isochinjwa. Shangazi yetu upande wa baba anasema hapana huyu karogwa, anataka tuchange pesa kuna mganga Pemba. Kaka yangu mkubwa, yeye alibaki kwa bibi sasa yuko Muscat, ananipigia ananifokea mimi, eti tuliishi kwenye nchi ya ng'ombe wagonjwa tukanyamaza, na sasa anataka mama asafirishwe haraka akafie kwao. Binamu mwengine anasema tudai fidia serikalini, kuna mamilioni. Na wifi yangu wa hapa hapa London kakataa kuleta watoto kumuona bibi yao, akija yeye anabeba kikombe chake na spiriti mfukoni, mama alimuona akijipangusa mkono baada ya kumshika akalia.

Juzi mama mmoja katika wale wanaoosha maiti msikitini kwetu kaniuliza kwa adabu kabisa, "mwanangu, huyu tutaweza kumuosha?" Nikakosa la kumjibu.

Madaktari nao wananichanganya, mara waniulize mama aliwahi kupasuliwa kichwa au macho, aliwahi kudungwa homoni utotoni, sasa wanataka damu yake wapime jeni. Mimi nina watoto wawili. Na mimi mwenyewe nilikula baga za shule miaka ya tisini kama watoto wote, na ni mtoaji damu wa kila mara. Je na mimi ninao? Na kaka nimjibu nini, nikate tiketi?

Binti wa Unguja, London

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, pole sana, na mfikishie mama salamu zangu hata kama unahisi hasikii.

Naanza na hili la ng'ombe manake naona ndo lililowasha moto. Mpwa wako kaandika CJD akaletewa ng'ombe, simlaumu, ndo intaneti ilivo. Lakini hizo CJD ni ndugu wa ukoo mmoja, si mtu mmoja. Kuna CJD ya variant, hiyo ndo ilotoka kwa ng'ombe. Kuna ya kurithi, inapita kwenye jeni. Kuna ya kuambukizwa hospitali kwa bahati mbaya. Na kuna sporadiki, inayozuka yenyewe tu bila mtu kula wala kufanya chochote, na hiyo ndo nyingi kuliko zote, takriban asilimia 85 ya wagonjwa wote wa CJD duniani. Mama yako kaambiwa sporadiki. Si baga.

Kinachotokea ni hivi. Sote kwenye ubongo tuna protini inaitwa protini ya prioni, mimi ninayo, wifi yako anayo, mganga wa Pemba anayo. Kazi yake inafanya kimya kimya miaka nenda rudi. Sasa kwa mtu mmoja au wawili katika kila watu milioni kila mwaka, moja inajikunja vibaya, hiyo iloharibika ndo prioni yenyewe, na ikishajikunja inazikunja na zilizo karibu yake, samaki mmoja akioza ndo yale yale, mwisho ubongo unatoboka toboka kama sponji. Si bakteria wala kirusi, ndo maana antibayotiki haifui dafu. Mmarekani mmoja, Stanley Prusiner, alipoipa jina prioni 1982 wenzake wengi walimcheka, kwamba ugonjwa usio na kijidudu uenee vipi, na 1997 akapewa Nobeli.

Ukitaka hoja moja ya kumpelekea mamkubwa na kaka, mpelekee hii: CJD ilielezwa mara ya kwanza na madaktari wawili wa Kijerumani, Creutzfeldt na Jakob, mwaka 1920 na 1921. Ng'ombe wa Uingereza wameanza kuanguka katikati ya miaka ya themanini. Zaidi ya miaka 60 hapo katikati watu wanaugua hii hii ya mama yako na hakuna ng'ombe kichaa popote. Na mpaka leo Australia, ambako kichaa cha ng'ombe hakijawahi kuingia, wagonjwa wa sporadiki wapo kama kwengine.

Sasa hiyo ya ng'ombe yenyewe nikueleze, kwa sababu hasira ya kaka yako haikutoka hewani, serikali ya Uingereza iliboronga kweli kweli. Ng'ombe mla majani walikua wanamlisha unga wa nyama na mifupa ya ng'ombe wenziwe, kusudi akue haraka na atoe maziwa mengi. Ugonjwa ukatambuliwa 1986. Chakula kile kikapigwa marufuku Julai 1988, na ubongo na uti wa mgongo wa ng'ombe ukaondolewa kwenye chakula cha watu Novemba 1989, kwaiyo hapo katikati watu walishakula sana. Mei 1990 waziri wa kilimo, John Gummer, akasimama mbele ya kamera na bintiye wa miaka minne anampa baga, kuonesha nchi nzima kwamba nyama ni salama. Mtoto kapewa moto moto akaikataa, baba akaila mwenyewe! Mwaka 1992 peke yake ng'ombe wagonjwa zaidi ya 36,000 wakathibitishwa. Halafu tarehe 20 Machi 1996 waziri wa afya Stephen Dorrell akasimama bungeni kusema kuna vijana 10 wana CJD ya aina mpya na inaelekea wameipata kwenye nyama. Miaka sita walikua wanaambiwa kuleni bila wasiwasi. Sasa watu wakishadanganywa hivo, hata ukweli wa leo hawauamini, na mimi siwalaumu.

Lakini soma na namba zake. Waliokufa Uingereza kwa hiyo variant jumla ni 178. Wengi walikua vijana, umri wa katikati ni miaka 28, na ugonjwa uliwaanza na huzuni, wasiwasi, maumivu ya miguu, wakipelekwa kwa madaktari wa akili kwanza, wakaenda nayo mwaka mmoja na zaidi. Mama yako ana 71, kaanza na kusahau na macho na kuyumba, na kashuka ndani ya miezi. Hiyo ni sura ya sporadiki kabisa. Na madaktari hawakukisia kwa umri tu, picha ya skani ya hizi mbili haifanani, na yale maji ya uti wa mgongo kuna kipimo kinaitwa RT-QuIC ambacho kinainasa sporadiki vizuri sana na hiyo ya ng'ombe kwa kawaida hakiinasi. Waulize kwa jina lake, "RT-QuIC imetoka vipi", watakujibu. Mwaka 2000 ndo watu wengi zaidi walikufa kwa variant, 28, baada ya hapo ikawa inapungua, wa mwisho Uingereza alifariki 2016. Sporadiki kwa nchi hiyo hiyo inachukua zaidi ya watu 100 kila mwaka, na hakuna kamera inayokuja.

Kwa mamkubwa ongeza na hili, kwa heshima usimpandishie sauti. Kuchinjwa au kutochinjwa hakukua na mchango hapo. Shida ilikua kwenye pipa la chakula cha ng'ombe, na ng'ombe alochinjwa kwa bismillahi alikua kala kwenye pipa lile lile. Kumwambia mama anayekufa kwamba ni malipo, hapo mimi nasema tu astaghfirullah.

Mganga: msichange. Dua mama asomewe, Yasini asomewe, haina gharama na inampoza. Lakini mtu atakayepokea pesa yenu akisema ataitoa CJD ni mwizi, iwe Pemba au iwe ni yule wa mtandaoni anayeuza mitishamba kwa chupa, manake hospitali kubwa za dunia nzima hawajapata cha kuizuia.

Fidia: binamu kasikia kengele hajui imelia wapi. Ilitangazwa kweli 2001, serikali ikaweka mfuko kwa ajili ya wagonjwa wa variant na familia zao. Sporadiki haimo. Msiweke wakili.

Ila kuna kitu nyie mnacho haki nacho na nadhani hamjaambiwa au mmeambiwa mkiwa kwenye bumbuwazi. Edinburgh kuna kituo cha taifa cha kufatilia CJD, kipo tangu 1990, na ndani yake kuna timu ya manesi kazi yao ni familia kama yenu, wanasafiri nchi nzima mpaka mlangoni, na wanasimamia pesa maalum za kusaidia matunzo pale kaunsili inapojivuta. Kitanda, godoro la kuzuia vidonda, mtu wa kukusaidia usiku, wanajua wa kumpigia. CJD yoyote, si ya ng'ombe tu. Kesho asubuhi muulize daktari wenu kama ameshawapa jina la mama. Na hapo hapo London kuna kliniki ya taifa ya prioni, hao ndo wa kuongea nao jeni.

Tuje kwa wifi. Usimtukane, mtu anaogopa na ana watoto. Mwambie hivi: CJD haipiti kwa kumkumbatia mtu, wala kumbusu, wala kikombe, wala choo, wala kumbadilisha nguo, wala kulala chumba kimoja. Wake na waume wa wagonjwa wameishi nao na kuwalisha na hawapati. Ilipowahi kupita mtu kwa mtu ilikua ni kwa vitu vilivyoingia ndani ya mwili: vyombo vya upasuaji wa ubongo, utando wa ubongo uliotolewa kwa maiti ukapandikizwa kwa mtu, homoni ya ukuaji ilokua inakamuliwa kwenye tezi za maiti ikadungwa watoto, na kwa hiyo variant tu, damu, hapo Uingereza waliopata kwa kuongezewa damu hawazidi watu wanne. Na spiriti yake aache nyumbani, prioni haifi kwa spiriti, inavuka hata mashine ya kuchemshia vyombo vya hospitali ikiwekwa kipimo cha kawaida. Mpe hiyo uone kama ataibeba tena.

Na hapo ndo umepata jibu la maswali ya ajabu ya madaktari. Hawakua wanamtafutia mama kosa. Wanauliza homoni na upasuaji kujua kama aliipata huko, na wanauliza macho na kichwa kwa sababu kama alipasuliwa miaka ya karibuni inabidi vile vyombo vitafutwe vitolewe. Kama alitolewa mtoto wa jicho sema, usifiche kwa kuogopa kumsumbua mtu.

Yule mama wa msikitini nimempenda, kauliza alichopaswa kuuliza. Jibu ni ndio, anaoshwa. Maji, sabuni, karafuu maiti, sanda, kila kitu chake. Wavae glavu na aproni za kutupa, mwenye kidonda mkononi apishe mwenzake, basi. Kumshika uso na kumbusu kwa kumuaga hakuna tatizo, Shirika la Afya Duniani lenyewe limeandika hivo. Pana jambo moja tu la kuliwahi. Uthibitisho kamili kabisa wa CJD unapatikana kwa kuuchunguza ubongo baada ya kifo, na mnaweza kuombwa idhini. Mkikubali, kuosha kunakua na masharti zaidi na mochwari ndo watasema nini kifanyike nini kisifanyike. Mkikataa, na daktari ameridhika na vipimo, kwa kawaida yanaishia hapo. Kaeni mlijadili sasa na imamu akiwepo, msisubiri siku ile mama yuko kwenye friji na kaka anapiga kelele kwenye simu.

Damu ya jeni. Wanaorithi ni kama asilimia 10 mpaka 15 ya wagonjwa wote, na wengine kwenye ukoo hawajulikani kwa sababu wa nyuma walikufa ikaitwa uzee au uchawi, ndo maana hospitali wanapima hata kama wao wenyewe wanaamini ni sporadiki. Uwezekano mkubwa majibu yatakuja safi. Yakija na kasoro, kila mtoto wa mama ana nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na hapo usikimbilie kujipima, wala wanao wasiguswe, kwanza ukae na mshauri wa jeni wa ile kliniki, wapo watu wamechagua kutojua na wanaishi. Muulize mama kama bado anaelewa, damu ni yake. Kama haelewi tena, msaini wote mkijua mnasaini nini.

Baga zako za shule. Mwanangu hapo umejiunga na Waingereza karibu wote wa rika lako. Walipima vidole tumbo zaidi ya 32,000 vilivyokatwa hospitalini, wakakuta ile protini iloharibika kwa mtu kama 1 katika kila 2,000. Inatisha kuisoma, lakini linganisha na 178 walioumwa miaka yote hiyo, yaani hata wenye nayo mwilini karibu wote hawajaugua. Kipimo cha damu cha kwenda kupima dukani hakuna, kwaiyo hilo liweke chini, una ya kubeba mengine. Ila damu yako usitoe kwa sasa. Wapigie wale wa benki ya damu waeleze mama ana nini na jeni inasubiriwa, wao wana sheria yao kwa wenye mgonjwa wa CJD nyumbani. Na kama uliwahi kuongezewa damu tangu 1980, Uingereza huruhusiwi kutoa, labda hilo unalijua.

Sasa matunzo yenyewe, manake grupu zima naona wanagombea sababu na mama anashtuka shtuka peke yake. Ile mishtuko ina dawa, klonazepamu inasaidia, iombeni. Atafika mahali kumeza kunakua kwa shida, chakula kilainishwe, akae wima akila, na uwaulize mapema kuhusu mpira wa puani mnautaka au hamuutaki. Midomo ilowanishwe. Ageuzwe mara kwa mara asichubuke. Atanyamaza kabisa mwisho, macho wazi hasemi, familia nyingi hapo ndo wanaacha kumsemesha na sijui kwa nini. Msemesheni. Kelele nyingi na taa kali zinamshtua, kwaiyo wageni wawili wawili, na taarabu yake chini chini.

Kaka sasa. Yuko mbali, hana cha kufanya kwa mikono yake, ndo maana anafanya kwa mdomo. Mjibu kwa simu si kwa grupu. Mwambie mama hawezi safari, anayumba, anashtuka, hamezi vizuri, na akifika Unguja hakuna timu ya Edinburgh wala kitanda wala nesi anayeijua hii, na nusu ya wagonjwa wa sporadiki wanamaliza ndani ya miezi mitano hivi tangu dalili za mwanzo, na yeye ameanza kabla ya Ramadhani. Mwambie na hili alijue mapema hata kama ni gumu kulisikia: miongozo ya Uingereza inashauri maiti ya CJD isidungwe dawa ya kuhifadhi, na mwili kusafiri kwa ndege kwa kawaida unadaiwa hiyo dawa, kwaiyo ahadi ya kumzika Unguja msiiweke mpaka mmeuliza watu wa mazishi, pengine kaburi ni hapo hapo London. Atapiga kelele, mwache apige, usikate simu. Akimaliza mwambie akate tiketi. Yake. Aje wiki hii, mama angali anamjua.